Safu ya Mwisho Mahakamani

Ferrandina, 6 Oktoba

Mwanangu Rosalba,

Hujambo? Sisi wazima, ila goti langu linanisumbua kila nikishuka ngazi. Shangazi yako Incoronata anakusalimu, anauliza kama huko Milano mnakula.

Zeituni zimeiva. Mwaka jana ulisema kesi ikiisha utakuja. Sasa nasikia umeanza nyingine. Watu wananiuliza kazi yako hasa ni nini. Nawaambia unagombania dawa mahakamani. Wanadhani unaziuza, kama mimi enzi za duka langu! Njoo basi, hata siku mbili.

Baba yako, Donato

Milano, 21 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na mwambie shangazi nakula.

Nisamehe, zeituni mtachuma bila mimi. Namtetea Bi Tamburini, mtafiti aliyehangaika miaka kumi na moja na dawa ya ugonjwa wa damu. Kampuni kubwa inataka hataza yake, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, ifutwe, nao waitengeneze. Wana profesa anayedai kwamba aliieleza dawa hiyo hadharani, kwenye mhadhara, kabla yake, kwa hiyo si uvumbuzi wake. Nitamhoji tarehe 25 Novemba. Tukishindwa, maabara ya mama wa watu inafungwa.

Nakukumbuka sana, baba. Hilo likiisha, nakuja.

Binti yako, Rosalba

Ferrandina, 28 Novemba

Mwanangu,

Habari za huko? Goti limetulia, namshukuru Mungu.

Nilikuja. Sikukwambia, nilitaka kukushtukiza. Nilikaa safu ya mwisho. Ukamwuliza yule mzee, "Profesa, mbona tarehe hii kwenye karatasi za mhadhara wako imeandikwa kwa wino mwingine?" Akaomba maji. Ukamngoja anywe, kisha ukamwuliza tena lilelile. Nilimwonea huruma, na wewe nikakuonea fahari, yote kwa pamoja.

Wakati wa mapumziko nilisimama koridoni nikitabasamu kama mjinga. Ukaja mbio, macho kwenye makaratasi, ukanigonga bega. "Samahani, mzee," ukasema, ukapita.

Nilitaka kukuita, nikaacha, nikashika njia ya kurudi. Mafuta mapya ya zeituni nimemwachia bawabu wa ofisi yenu.

Baba yako

Milano, 3 Desemba

Baba yangu,

Shikamoo. Nashukuru goti limepoa.

Jioni ileile profesa alikiri kwamba tarehe aliiongeza baadaye. Bi Tamburini alinikumbatia akilia. Nilifurahi, baba, sitakudanganya. Kazi hii naipenda. Kumbe wakati huo wewe uko ndani ya treni, peke yako, unarudi kusini.

Tangu barua yako ifike najaribu kuukumbuka uso wa mtu wa koridoni. Naona mkono wa koti la kijivu, basi. Mimi ninayezijua kurasa mia tatu za kesi kwa namba zake.

Hukumu bado. Sitaingoja. Jumapili nakuja. Usinipokee stesheni. Kasimame kwenye uwanja wa kanisa watu wakitoka misa, katikati yao, wala usinipungie mkono. Nikutafute mwenyewe.

Binti yako