Lowell, Inzi Weusi Wametoka Tena Juu ya Theluji

Tik. Kifuniko cha bati kilifunguka jikoni Jumamosi alfajiri, giza bado, nami nikaketi kitandani nikijua ni wewe, Lowell. Kisha nikakumbuka. Mwaka mzima umepita tangu barafu ya ukingoni mwa mto ikatike chini ya miguu yako, ukazama, umeinama kumrudisha majini trauti, samaki uliyekuwa umemvua.

Alikuwa Britta, na kisanduku chako cha chambo mapajani.

“Mama, leo kutakuwa na jua. Wale inzi watatoka mtoni watembee kwenye theluji.”

Nilimpokonya. Nisamehe, mpenzi. Nilikuwa nimeapa mtoto huyu hatafika kwenye mto ule maisha yake yote.

Ulikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji, na njia ya yule bibi jirani uliisafisha kabla ya yetu. Siku zangu za darasa la jioni ulipika wewe, nyama ya kulungu na viazi, na viazi viliungua kila mara. Ukikaa kufunga chambo mfano wa inzi hao, uliniibia nyuzi nyeusi.

“Lowell, hizo ni za kushonea soksi zako!”

“Wacha vidole vya miguu vigande, Corinne. Trauti hawezi kungoja.”

Saa nne baba yako, Orrin, alikuja kunywa kahawa, akatukuta mimi na Britta tumenuniana.

“Ukimkataza, mwanangu,” aliniambia, “atakwenda akifika miaka kumi na sita, peke yake. Leo atakwenda na sisi.”

“Kwani wewe huogopi, baba?”

“Naogopa sana. Haya, vaa buti.”

Tulifika mchana, theluji ikianza kulainika. Walikuwepo, Lowell. Wadogo, weusi, wanatembea mbiombio juu ya theluji kama watu waliochelewa kazini. Nililia mpaka pua ikaniuma kwa baridi. Nilidhani nitauchukia mto. Sikuweza.

Tunaokulilia ni mimi mkeo, Corinne. Baba yako, Orrin. Dada yako, Maren. Na madereva wenzako wote. Hutatutoka moyoni, leo wala kesho.

Na binti yako, Britta. Trauti alipochomoza majini kula inzi, nilijisahau, nikapiga hatua mbele nimwone vizuri. Sikujua kwamba ulikuwa umeshamfundisha mtoto. Britta alinivuta koti kwa mikono yote miwili, akasema kwa sauti:

“Mama, rudi nyuma, hiyo ni barafu, chini ni maji.”