Siagi ya Duka la Mama Romanus

Dada Eliakunda, shikamoo. Nishike mkono mwenzio, maana nimejenga duka na sijui nitalibomoaje, na duka lenyewe halina ukuta wala paa, halikuwahi kuwepo hata siku moja, lakini wazungu watatu, mume wangu na mama yangu mzazi wote wamenasa ndani yake, na mimi kila nikiwaza nacheka kwanza, ndipo nalia, halafu nacheka tena, hata juzi watoto wa darasa la tatu wameniuliza mwalimu unacheka nini, nikawaambia fanyeni hesabu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Babati, nakaa Bagara, nina mume na mtoto mmoja wa kike. Jumatano na Jumamosi jioni huwa nakwenda Nakwa kuwafundisha Kiswahili wake watatu wa wataalamu wa mradi wa maji, na mkubwa wao ni Mama Greta, mama mwenye moyo mzuri ambaye tangu nimfundishe shikamoo anaamkia kila kitu, hata mbuzi wa jirani. Kazi ni nyepesi na chai yao ina sukari, na wewe unajua mwaka huu chai ya sukari ni kitu cha kumtoa mtu Bagara mpaka Nakwa kwa miguu. Sasa hawa akina mama ukiwaambia tuzungumze habari za familia wanakaa kimya, ukiwaambia tuzungumze habari za mvua wanatazama dirishani, lakini ukigusa habari za maduka, mama yangu! Tangu mpaka wa Namanga ufunguliwe hawana habari nyingine. Moshi kuna jamu lakini jibini yake imekauka, Arusha kuna kahawa ya kopo lakini makopo yamebonyea, Nairobi ndiko kwenye kila kitu, jibini za kila rangi, chokoleti, karatasi laini za kule uani, ila Nairobi nayo maduka ni mengi na kila mmoja ana lake analolitetea, basi wanabishana kama wanaume wa Simba na Yanga, na wanabishana kwa Kiswahili nilichowafundisha mimi mwenyewe, mmoja anasimama kabisa anapiga meza, "Hapana! Duka lako jibini mbaya!" Mimi nasahihisha, "Jibini yake ni mbaya," naye anasema, "Asante Mwalimu, jibini yake ni mbaya sana sana."

Siku hiyo ya balaa Mama Greta akanigeukia, kwa upendo kabisa, akaniuliza, "Na wewe Mwalimu, unanunua wapi siagi?"

Dada, ningejibu nini? Duka letu la ushirika wiki ile lilikuwa na nyembe, dawa ya viatu na majembe yasiyo na mpini. Nyumbani tulikuwa tunakula ule unga wa njano wa msaada ambao watu wameubatiza Yanga, na nguo nilikuwa nafulia majani ya mpapai. Lakini mgeni amekaa kwenye nchi yako, anakuuliza ninyi mnapata wapi kitu, utamwambia sisi hatuna kitu? Mimi nimelelewa kwamba mgeni haambiwi hakuna, basi mdomo ukafunguka wenyewe, nikasema, "Mimi? Mimi nanunua kwa Mama Romanus."

Mama Romanus ni mama yangu mzazi. Anakaa juu huko Dongobesh, ana ng'ombe wawili wa maziwa, na tangu azaliwe hajauza hata kiberiti.

"Ana duka kubwa?" akauliza mwingine.

"Kubwa," nikasema, na nikanyoosha mikono nikawaonyesha ukubwa wake.

Wakataka kuonja. Kaka yangu Romanus ni utingo wa lori linaloshusha ngano kutoka Mbulu, basi nikampa kibuyu kitupu nikamwambia mpelekee mama, mwambie naomba siagi. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo wewe huenda usilione mara moja, lakini watu wa kwetu wakilisoma watashika kichwa. Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtumii mama yake kibuyu kitupu kuomba siagi hivi hivi. Ukituma kibuyu umesema una mimba, ndiyo njia ya heshima ya kusema bila kutamka, na mama akikipokea haulizi neno, anaanza kukukusanyia siagi ya kukutia nguvu mpaka ujifungue. Nalijua hilo tangu utoto wangu, nimewaona dada zangu wakituma, lakini siku ile kichwa changu kilikuwa kimejaa jibini.

Kibuyu kikarudi kimejaa, kimefunikwa majani ya mgomba, na salamu juu yake, "Mwambie asibebe ndoo." Nikafikiri mama amekuwa na huruma tu siku hizi, nikakipeleka Nakwa. Dada, wale wazungu walipaka ile siagi kwenye biskuti, wakatafuna, mmoja akafumba macho, akasema, "Nairobi hakuna." Tangu siku hiyo kibuyu kinapanda na kushuka. Mwezi uliopita wamekwenda Nairobi wakarudi gari limelala kwa mizigo, nikauliza mbona siagi hamkuleta, wakanishangaa, "Siagi? Tuna ya Mama Romanus!" Sasa hata wazungu wa Kondoa wamepata habari na wanaulizia duka hilo linafunguliwa saa ngapi. Fedha wakitaka kutoa nakataa, nasema mwenye duka ana tabia zake, hapendi fedha, basi wao huniwekea miche ya sabuni na sukari kidogo nimpelekee yeye, na siku hizi mashati ya mume wangu yanang'aa mpaka mwalimu mkuu ameuliza siri yake.

Na huyo mume, Theodory wangu! Romanus alikutana naye sokoni akampa mkono, "Shemeji, hongera." Alirudi nyumbani macho yamejaa machozi, akasema, "Mke wangu, jambo kama hili naambiwa na shemeji?" Ndipo na mimi nikaelewa maana ya ndoo. Nilitaka kumwambia, naapa, mdomo nilishaufungua, lakini alikuwa ameshachukua ndoo mbili anakwenda bombani, mwanaume mzima, bwana mifugo anayeheshimiwa, na wanawake wa bombani wakampigia vigelegele, na akarudi amelowa mgongo mzima huku anaimba. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho hiyo imekuwa nyingi. Binti yetu anakwenda miaka minane na tumemwomba Mungu mtoto mwingine kimya kimya, kila mtu upande wake wa kitanda, ndiyo maana furaha ya Theodory ilinifunga mdomo. Na mimi, nikwambie kweli, nimeipenda. Natembea polepole, mkono kiunoni, na juzi nimejikuta natafuna udongo wa kichuguu. Dada, mimba ya nani hii?

Sasa mambo yamekaribia kukutana. Mama Greta na wenzake wamesema masika yakikatika na barabara ya Dongobesh ikikauka wanakwenda na Landrova na vikapu kulitembelea duka, na somo la Jumamosi walinitaka niwafundishe kusema, "Hodi dukani, tunaomba siagi ya kutosha." Wanalisema vizuri kabisa, hilo ndilo linalonimaliza. Na mama naye ametuma neno kwamba akishavuna atashuka Babati na kondoo mnono wa uzazi. Romanus anasema siku hizi mama haonji siagi yake hata kidogo, yote ananiwekea mimi, na akikaa kuitikisa anaimba nyimbo ambazo hakuziimba tangu baba afariki.

Nimefikiri niwaambie wazungu kwamba duka limefungwa, mwenyewe amehamia Singida. Na mama na mume wangu nimefikiri niwaambie imetoka, yaishe. Nikifikiri hili la pili, kile kicheko kinakauka. Niambie nianzie wapi, na tafadhali usiandike jina langu, maana mwalimu mkuu analisoma gazeti hili kabla ya kufungia vitabu.

Mimi Mwenye Duka Asiye na Duka,
Bagara, Babati.

ELIAKUNDA ANAJIBU

Marahaba, Mwenye Duka. Barua yako niliisoma nikinywa chai kavu, nikacheka mpaka mpiga chapa wa chumba cha pili akaja kuuliza kama sukari imepatikana. Kisha nikaisoma mara ya pili, na safari hiyo nilicheka kidogo tu.

Tuanze na wazungu, maana ndio wepesi. Uliona aibu kusema hatuna. Nani asiyeona aibu mwaka huu? Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mgeni kwamba situmii sukari kwa ushauri wa daktari. Lakini aibu ya kusema hatuna ni ya jioni moja, wewe umeifuga ikawa duka. Jumatano hii, kabla hujafungua kitabu, waambie, "Mama Romanus ni mama yangu. Hana duka. Siagi ni ya ng'ombe wake, alinipa bure." Watu wanaoweza kuzungumzia jibini tangu alasiri hadi magharibi wana nafasi ya kusikiliza sentensi tatu. Watashangaa, pengine mmoja ataona vibaya. Mama Greta anayeamkia mbuzi, huyo simwogopi kabisa. Na usithubutu kumhamishia mtu Singida.

Mumeo mwambie leo, ukishamaliza kusoma hapa. Usimtume Romanus, huyo ameshabeba ya kutosha. Theodory atakasirika, na ana haki. Ndoo atazitua, wanawake wa bombani watapata la kusema mpaka mavuno, na maji utabeba mwenyewe kama zamani. Vumilia. Akishatulia, mwambie na lile lingine, kwamba na wewe umekuwa ukiomba mtoto kimya kimya upande wako wa kitanda. Mko wawili, mnaomba kitu kimoja, na hamjaambizana! Hilo, mwanangu, ndilo lililonisikitisha kuliko duka. Na kama ukishasema kweli yote bado unatafuna udongo, pita kliniki wakupime, maana mimi katika kazi hii nimeona mengi.

Sasa lile neno "imetoka." Lifute, hata kichwani lisibaki. Ukimwambia mama yako hivyo utakuwa umempa msiba wa mtu ambaye hakuwepo, naye ataulilia kweli, atakuja na kaniki na wenzake wa jumuiya, atakuombea, na kila akiona mtoto wa umri ule ataukumbuka. Wewe utakuwa umekaa pale unapewa pole. Hutaweza kucheka tena, na mimi nakupenda ukicheka.

Lakini kuna jambo umelipitisha haraka haraka kwenye barua yako, kati ya Nairobi na mashati, ukadhani sitaliona. Sabuni. Wale wageni walimpa mama yako sabuni na sukari, kwa jina lake. Wewe ukafulia mashati. Mama yako anatikisa kibuyu, hajionjeshi, yote ni ya mjukuu. Siagi inaliwa kwa biskuti huko Nakwa, na shukrani yake inaishia kwenye kola ya Theodory mpaka mwalimu mkuu anaulizia. Wazungu umewadanganya kwa aibu, mumeo kwa huruma, lakini kwa mama yako ulichukua. Mwalimu mzima, unayewafundisha watoto kutoa na kujumlisha! Nimekasirika, na nimekasirika kwa sababu naona una moyo mzuri na ulikuwa unajua.

Basi fanya hivi. Usingoje barabara ikauke. Omba ruhusa shuleni, panda lori la Romanus, matope au hakuna matope. Chukua sabuni yote iliyobaki, hata kipande kilichotumika, na sukari yote, hata kama binti yako atanuna. Ukifika usianze na salamu ndefu, wala usimweleze habari za Namanga na jibini za rangi, hayo atayasikia baadaye. Kaa chini karibu naye, umpe vitu vyake, useme kwa mdomo wako mwenyewe, "Mama, sina mimba. Siagi yako walikula wageni, na mimi niliogopa kukuambia."

Sijui kama atacheka au atalia, simfahamu. Inawezekana vyote viwili. Inawezekana akanyamaza, na hiyo ndiyo itakayokuuma. Usijitetee. Mwache, ukae hapo hapo mpaka amalize, hata ukilazimika kulala. Kisha umuulize yeye kama angependa wageni waje kumtembelea, na akisema hapana, hawaendi, maana ng'ombe ni wake.