Kura za Maharage

Fort Worth, Texas

Wifi yangu mpendwa Consolate,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii, anayoileta Dady wa Houston, itakukuta mzima hapo Kasulu, wewe na shemeji na watoto. Goti lako je? Yule mama wa majani alikusaidia, au alikula kuku wako bure? Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Joto linatukaanga, lakini nyuma ya nyumba lengalenga, mchicha wetu wa kwetu, zinastawi kama ziko Burundi. Binti yetu Inès ukimsalimu kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza, ila rozari anasali kwa Kirundi, basi namwacha.

Ndugu yako Nazaire ni mzima pia. Habari zake ndizo zilizonikalisha kuandika, maana kwenye simu huwa yuko pembeni yangu na siwezi kusema yote.

Unajua yeye alishapata uraia. Mimi bado nasomea mtihani wake, kila Jumamosi nikitoka kazini hotelini, kwenye ukumbi wa parokia. Anatufundisha Gakii, nesi Mkenya mwenye subira. Wifi, nilifikiri nitakariri majibu tu, kumbe nimependa. Anasema Wamarekani hawa walikuwa chini ya mfalme wa ng'ambo ya bahari, akiwatoza kodi bila kuwauliza. Walipomkataa, kwanza walijiunga kilegelege, kila jimbo likivuta kwake, karibu watawanyike. Ndipo wakaketi Philadelphia kiangazi kizima, madirisha yamefungwa ili maneno yasitoke nje, wakabishana mpaka wakaandika katiba. Na inaanza na "Sisi Wananchi." Nilimwomba arudie. Kwetu sijawahi kusikia serikali ikianzia kwa watu kama mimi.

Madaraka wakayagawa kama mafiga: wanaotunga sheria, anayezitekeleza, wanaohukumu. Gakii alituuliza nani amewahi kuinjika chungu kwa figa moja. Ubaya nao hakuuficha. Watu weusi waliachwa utumwani, na wanawake walikaa miaka mingi bila kura. Lakini katiba yenyewe iliachiwa mlango wa kurekebishwa, na kwa mlango huo, baada ya vita na machozi, watumwa walitoka na wanawake wakaingia. Hapo jirani yetu Orpa akasema aleluya. Mzee mmoja akamwambia hapa si kanisani. Orpa akamjibu kwamba na sokoni si hapa.

Nyumbani mwalimu wangu wa pili ni ndugu yako. Anapenda kunisimulia habari za rais wao wa kwanza, ambaye angeweza kukaa kitini mpaka kufa, lakini alimaliza vipindi viwili akarudi shambani kwake. Anasimulia akitikisa kichwa, kama anasimulia maisha ya mtakatifu. Na sisi tuliozeekea kambini kwa sababu ya watu wasiojua kuondoka kitini, tunajua uzito wa neno hilo.

Sasa sikia. Yeye mwenyewe amekuwa mwenyekiti wa chama chetu cha Warundi tangu kizaliwe. Mahema, viti na sufuria kubwa za chama vinakaa gereji kwetu. Funguo anazo yeye, sheria anaweka yeye, mwenye kosa anamhukumu yeye. Mafiga yote matatu mfukoni mwake. Orpa, ambaye ni mjane, alimpinga mkutanoni. Haukupita muda akafiwa na mama yake, na Nazaire akakataa kutoa viti mpaka aombwe radhi. Wifi, bibi vizee walikaa matangani juu ya nyasi, jua linawachoma, na viti vimepangwa gerejini kwangu. Nilipeleka uji, nikashindwa kumtazama Orpa usoni.

Watu wakaanza kusema watajitenga, kama chama cha wenzetu Houston kilivyopasuka, leo hata hawazikani. Egide, anayefanya kazi ghala moja na ndugu yako, akaomba tuwe na katiba na kura ya siri. Zamani tulisimama nyuma ya mgombea, na wake walisimama nyuma ya waume zao, basi. Nazaire alikubali mara moja kwa sababu alijua atashinda. Hata maharage aliyabuni yeye, kwa ajili ya kina mama wasiosoma. Kila mtu alipewa punje mbili, nyekundu ya Nazaire, nyeupe ya Egide. Unaingiza mkono chini ya kitenge kilichofunika chungu, unaangusha moja ndani, nyingine unaondoka nayo ngumi imefumbwa.

Padri wa parokia alihesabu mbele ya wote ukumbini. Ndugu yako alishindwa kwa punje moja.

Wengine walishaanza kutazama mlango, nami nikawa namwita Bikira Maria kimoyomoyo. Nazaire akasimama, akatoa funguo, akamwekea Egide mkononi.

"Yule wa kwanza alirudi shambani," akasema. "Na mimi nina lengalenga zangu."

Egide akamtania kwamba shamba lenyewe linarukwa kwa hatua moja. Watu walicheka huku wanafuta machozi. Na siku Orpa alipoondoa matanga, Nazaire mwenyewe alibeba viti hadi kwake, wala hakudai radhi, aliiomba yeye.

Wifi, nikufungulie moyo. Ile punje moja ni yangu. Nilimpigia pasi shati la uchaguzi, nikaketi pembeni yake, kisha nikaangusha nyeupe. Sikumchukia. Niliogopa atageuka mmoja wa wale tuliowakimbia. Nilimuuliza Gakii kama mke anaruhusiwa.

"Dada," akaniambia, "altareni mko mwili mmoja. Kwenye kura mko wawili."

Siku hizi Nazaire ametulia, anapalilia huku anapiga mluzi. Juzi alisema hujiuliza ni nani aliyemwangusha, ila hataki kumjua, maana ndiyo kazi ya siri. Mimi wakati huo nachambua maharage.

Punje nyekundu iliyobaki nimeiweka kwenye kifuko cha rozari. Kila jioni tukisali, vidole vinaigusa kabla ya kuugusa msalaba. Wewe dada yake mkubwa ulimlea, unamjua kuliko mimi. Nimwonyeshe, au niipande kati ya lengalenga na ninyamaze?

Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia. Mungu akutunze hilo goti. Kwa jambo hili usipige simu, maana hupokea yeye. Niandikie, na tafadhali jibu upesi.

Wifi yako akupendaye,
Emérance