Chumvi ya Baba, Miguu ya Mama

Chumba cha Nyuma,
Kwa Fundi Cherehani.
Jumapili, wiki ya tano ya baridi.

Mpendwa Dada,

Kabla ya salamu, na kwa uzito wote unaostahili, naujulisha ukoo mzima kwamba sufuria kubwa imerudi jikoni. Imeoshwa mara tatu, Shangazi ameinusa, imepita.

Sasa salamu. Hujambo? Kifua cha Shemeji kimetulia? Sisi wazima, tunadaiana tu blanketi. Viatu ulivyomtumia Mama anavivaa kutwa, hata kwenye cherehani. "Hivi ni vya binti yangu," huwaambia wateja, hata wasiouliza.

Onyo lako tulilipata. Ulisema miguu ya Mama ikiendelea kufa ganzi mpaka mwisho wa mwezi, utakuja kumchukua, na cherehani ifunikwe shuka. Mama alisikia, akashona mikono miwili ya shati, yote ya kushoto. Ndipo nikaazima sufuria.

Unakumbuka gunia la chumvi ya kukazia picha aliloacha marehemu Baba kwenye chumba chake cha giza cha kusafishia picha? Si chumvi ya mboga ile. Kila punje imefungia maji ndani yake. Ukiipasha moto inayeyuka kwa maji yake yenyewe na kumeza joto jingi. Ikiganda, inalirudisha polepole. Hayo niliyasoma kwenye kitabu cha Baba, ukurasa ambao panya walinibakishia nusu. Nikajaza chupa nane za jemu, nikazichemsha sufuriani, nikazipanga kwenye sanduku lenye maranda ya mbao, chini ya pedali ya cherehani.

Zikagoma. Saba zilipoa zikiwa majimaji vilevile, zimelikalia joto letu kama mgeni aliyekalia funguo. Moja tu iliganda, ikawa moto saa nne nzima.

Nilihangaika wiki, mpaka Shangazi, aliyekuwa akinioshea chupa, alipoiona ile moja.

"Hiyo nipe niisugue. Ilinipita, kifuniko kina makombo ya chumvi ya jana."

"Shangazi, hiyo chafu ndiyo pekee inayoganda."

Akanitazama jinsi ninavyotazamwa siku zote nyumbani humu. "Wewe mtoto, uliona wapi maziwa yakaganda bila kutiwa mgando wa jana?"

Dada, nusu ya ukurasa waliyokula panya nadhani ilisema hivyohivyo. Usafi wa Shangazi ndio uliotuponza. Siku hizi nazipasha kwenye debe kuukuu, na chupa zikipoa kidogo, nafungua kifuniko na kudondosha punje moja ngumu. Inaganda ukiiangalia, na chupa inakuchoma kiganja. Ukaidi wake nao nimeupa kazi: nne naziamsha asubuhi, nne naziacha zilale na joto lao, naziamsha baada ya chakula cha mchana.

Kisha chumvi ikaanza kujitenga na kutuama chini kama mashapo ya chai, na kila siku chupa ikawa na joto pungufu kuliko la jana.

"Tia wanga," Mama akasema bila kuinua kichwa. Ule ule wake wa kukazia kola. Nikapika ukawa mzito, nikachanganya. Leo siku ya kumi na moja, chumvi haijatuama.

Kwa hiyo usikate tiketi. Mama ana sare za shule thelathini za kumaliza na hana nafasi ya kuchukuliwa na mtu. Magoti yana joto, nyayo zina joto, hata paka amehamia sandukuni. Vidole tu ndivyo bado vinakufa ganzi, na hapo nina hakika chupa ya tisa itamaliza ubishi.

Wasalimie Shemeji, kitinda mimba wako, na yule jirani yako anayeuliza kila mara kama bado sina kazi. Mwambie ndiyo, lakini nachoka sana. Shangazi anakusalimu, anauliza kama sufuria zako zinang'aa. Mungu awajalie nyumba yenye joto, na watu wa kuligombania.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, Profesa wa Sufuria.

N.B. Sijabandika bahasha bado. Fundi viatu wa jirani alikuja kuota moto kwenye sanduku, akampima Mama miguu. Mama anavaa namba thelathini na tisa. Ulivyotuma ni thelathini na saba.