Bi Opal Amegoma Kula

Jumatatu, 23 Februari 1987

Mimi sina kinyongo na mtu. Miaka sabini na tisa, nimesamehe wote, moyo mweupe kama unga.

Uongo. Nina kinyongo na Royce Stubblefield, na leo kimenenepa.

Nimetoka mkahawani kwa Joetta. Alinimiminia kahawa huku anajizuia kucheka, akanipa habari niliyoingoja tangu Septemba: Bi Opal hali. Toka Royce amchukue hajagusa hata panya mmoja. Miezi mitano! Nikaagiza kipande cha pili cha pai ya pekani.

Niandike vizuri, nisije nikasahau kwa nini namchukia. Bi Opal ni nyoka wangu. Nyoka wa njuga, wale wanaotikisa mkia ukasikia hadi kwenye meno. Nimemlea miaka kumi na mmoja jikoni kwangu. Nilimpa jina la mama mkwe wangu kwa sababu wote wawili hunitazama bila kupepesa. Septemba nikavunjika nyonga. Nikiwa nimelazwa, Royce akaja na sanduku na fimbo ya ndoano, na binti yangu Nadine akamfungulia mlango. Eti mzee wa mkongojo hawezi kukaa na nyoka wa sumu. Chama chetu cha wawinda nyoka nacho kikampa nafasi yangu kwenye uwanja wa nyoka, kwenye tamasha letu la kila Machi. Miaka thelathini na minne nimesimama humo, nyoka wamenizunguka miguuni, nawakamua sumu watu wa Dallas wakipiga mayowe! Na Royce hata kuja kunipa pole hakuja.

Aibu imle. Imle polepole.

Jumatano, 25 Februari

Nimepita dukani kwa Royce, pale anapouza chakula cha mifugo. Amemweka dirishani. Kioo pande zote, taa juu ya kichwa, kibao kimeandikwa MALKIA WA TAMASHA. Kila apitaye anagonga kioo. Nilisimama ng'ambo ya barabara kama mtu anayemwona mtalaka wake kwa mume mpya.

Amekonda. Uti wa mgongo umechomoza.

Royce akaniona, akavuka barabara. Kofia mkononi! Akauliza nilikuwa nampa nini, nampa vipi, saa ngapi. Nikamwambia Bi Opal ni Mbaptisti. Kwangu hali mpaka chakula kiombewe, kwa sauti, kofia kifuani.

Akanikodolea macho. "Unanitania, mzee."

"Mama yako aliwahi kukuruhusu ule kabla ya kushukuru?"

Akaondoka anawaza. Royce hana akili nyingi, lakini mama yake alikuwa mkali.

Ijumaa, 27 Februari

AMEOMBA! Joetta kashuhudia. Kofia kifuani, macho kayafumba, panya ananing'inia kwenye koleo — anamshukuru Mungu kwa panya, mle dirishani, watu saba wamesimama nje. Mmoja wao mchungaji. Mchungaji kaitikia amina.

Bi Opal kamgeuzia kisogo.

Nimecheka mpaka nyonga imeuma. Imeuma vizuri.

Jumatatu, 2 Machi

Mkahawani sasa wanamwita Shemasi. Akiingia tu, mtu anamuuliza kama nyoka ameshaokoka. Nimekula mayai matatu nikimtazama anavyokunywa kahawa yake kwa kuinama.

Halafu Joetta, anafuta meza tu, akasema chama kimekaa kikao. Malkia mgonjwa hawamtaki uwanjani. Asipokula mpaka Jumapili saa nane mchana, anakwenda kwenye meza ya wachuna ngozi.

Naijua meza hiyo. Gogo, panga, kichwa kwenye ndoo. Ngozi inakuwa mkanda. Nyama inavingirishwa kwenye unga wa mahindi, inakaangwa, inaliwa na pilipili ya chupa. Nimeila kila mwaka na kuomba nyongeza.

Nimeondoka bila kuagiza pai.

Alhamisi, 5 Machi

Bi Opal akifa, Royce amekwisha. Watu watamsema mpaka wajukuu zake wazeeke. Ndicho nilichotaka.

Nikimsaidia, atanenepa, na Royce atasimama naye uwanjani, pale pangu, akipigiwa makofi yangu.

Nimezigeuza njia hizo mbili kichwani siku nzima. Nadine kapiga simu, nikamwambia nina shughuli. Shughuli gani, baba? Kuchukia, nikasema. Akakata.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeingia dukani. Nimemwambia Royce asogee. Nikafungua kifuniko kidogo, nikaingiza pua. Bi Opal akanitikisia njuga — ana haki.

Petroli.

Nikamuuliza sakafu ya kizimba kaitengeneza kwa mbao gani. Za masanduku ya kuwindia, akasema, zilikuwepo tu, kwa nini anunue nyingine. Masanduku yaliyobeba mtungi wa petroli na mpira wa kuipulizia! Kila mwindaji hapa anapuliza mvuke wa petroli kwenye mashimo ya miamba, nyoka wanatoka wamelewa, unawaokota kama viazi. Lakini nyoka huonja hewa kwa ulimi. Miezi mitano Bi Opal analalia harufu ya kufukuzwa. Kila panya anayeletewa ana ladha hiyo. Ningekuwa mimi ningekula?

Nikamtukana Royce. Nikamwambia mbwa wake angelijua hilo. Nikamtukana mpaka nikaishiwa pumzi, naye kasimama tu ananisikiliza. Kisha akauliza, taratibu:

"Nani alinifundisha kuwatoa kwa petroli, Mzee Vester?"

Mimi. Mwaka hamsini na nane, hana hata ndevu. Nilimshikisha mpira mwenyewe.

Nikamwomba bisibisi. 

Basi tukafanya kazi. Bi Opal kwenye pipa safi, mbao zote nje. Kioo kikaoshwa kwa sabuni mara tatu. Bi Opal akarudishwa, taa ikazimwa, blanketi juu. Pakabaki pa kujificha — nyoka haweki kitu tumboni kama hana pa kuficha kichwa — na kila sanduku dukani linanuka. Nikaketi, nikavua buti langu la kushoto. Royce akaliingiza kwa ndoano. Bi Opal akaliramba kwa ulimi kutoka kisigino hadi juu. Akaingia mzima mzima, na njuga zake.

Nimerudi nyumbani na buti moja. Wameniona mtaa mzima. Wacheke.

Jumapili, 8 Machi

Saa saba na nusu mchana. Naandikia juu ya gunia la pumba. Duka limefungwa, wa chama wanakuja saa nane.

Panya amekwisha kufa, tumempasha kwenye maji moto, tumemlaza mbele ya buti. Mimi na Royce tumekaa, mgongo kwa kioo, kama watoto walioadhibiwa. Bi Opal hapendi kutazamwa akila. Mama mkwe naye alikuwa hivyo.

 Royce akasema Bi Opal akila, bado ni wake. Nikamwambia najua. Nikamwambia na bado nakuchukia.

"Najua," akasema. Akanisogezea kahawa yake.

Saa saba na dakika arobaini. Kuna kitu kimekwaruza ngozi ya buti. Royce alitaka kugeuka, nimemfinya goti.

Njuga zimelia mara moja. Zimenyamaza.

Gari la chama limesimama nje. Sikia, Bi Opal. Nimekaa hapa na mtu huyu, soksi imetoboka, nimemmezea maneno ambayo sikuwahi kummezea mtu. Kwa ajili yako. Unanidai nini wewe? Hunidai. Mimi ndiye ninayekudai, tena kidogo sana. Panya mmoja. Yule pale, mdogo. Sasa hivi, kabla hawajagonga.