Evarist, Kesho Wanaing'oa Injini ya Landrova

Evarist mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako cha dereva, mlango wazi, kuku wanaparua chini. Usicheke mwandiko. Mama yako aliishia darasa la nne kwa masista, na ndiye huyo huyo uliyenaye. Sisi wazima, ukiacha goti langu. Kahawa imechanua vizuri mwaka huu hapa Nyamiaga. Redio inasema vita vimekwisha, na waliorudi wamerudi.

Wewe hukurudi. Gari limerudi.

Ramadhani ndiye aliyelileta, yule dereva mwenzako wa Biharamulo. Unakumbuka mlivyoondoka pamoja, serikali ilipochukua magari ya watu yakabebe chakula cha askari. Yeye na lori la tajiri wake, wewe na Landrova yako, umefunga kitambaa changu kichwani eti vumbi. Siku ya kurudi nililisikia tangu bondeni likipandisha. Nikapiga kelele, "Huyo mwanangu! Pisheni njia, Mama Landrova anapokea mgeni!" Majirani wakatoka wote. Akashuka Ramadhani. Akaniamkia, shikamoo mama. Nilitazama nyuma yake, nikatazama upande wa pili wa gari, nikadhani umejificha kunitania. Ungeweza, wewe.

Akanieleza. Mlikuwa ng'ambo ya mpaka, mzigo mzito, jua kali, maji ya rejeta yakachemka. Wenzako wakasema twende tu hivyo hivyo. Ukakataa. Ukasema gari zee halilazimishwi, linapumzishwa kwanza, linanyweshwa. Ukachukua debe ukashuka mtoni, na bomu likaangukia huko huko mtoni. Landrova iliyokuwa imesimama barabarani haikupata hata mkwaruzo.

Walikuzika palepale, karibu na daraja. Ramadhani alipanga mawe ili apajue.

Basi tukakaa msiba bila maiti. Siku ya kunyoa, baba yako mdogo Gervasi akasimama mbele ya ukoo akanyoosha kidole kwenye gari. "Hili ndilo lililomla mtoto. Halilali kwenye boma hili bila kuoshwa." Wazee wakaleta maji yao ya majani, wakanyunyizia magurudumu, wakanyunyizia viti. Hawakutosheka. Wakafungua boneti wakamwaga chungu kizima humo ndani! Jioni Ramadhani akataka kulisogeza lisizuie njia. Akazungusha hendeli, kimya. Akazungusha tena, kimya. Gervasi akaruka nyuma. "Mnaona? Marehemu amekataa!"

Nikasema, "Shemeji, marehemu hajakataa kitu. Mmelowesha plagi."

Nikachukua spana yako, nikazifungua mwenyewe, na kichwa changu kimenyolewa upara, nikazipanga kando ya mafiga zikauke kama ulivyokuwa ukifanya mvua ikinyesha. Tukazirudisha. Likawaka. Ilikuwa msiba, lakini watu walicheka mpaka Gervasi naye akacheka. Mwanamke gani mwingine Ngara nzima anakausha plagi? Nitajie. Nilijivuna, Evarist. Halafu nikaingia ndani nikalia, maana nilikuwa nataka kukuambia wewe.

Ulilipenda gari hili mpaka watu wakadhani una kasoro. Padri alipokuachia akirudi kwao, lilikuwa limelala bandani, panya wamezaa kwenye kiti. Wewe ulilizunguka umeshika mikono nyuma kama anayechagua mchumba. Halafu kila asubuhi unaliamkia, "Shikamoo bibi," kwa sababu lilitengenezwa kabla hujazaliwa, na mimi nalijibia kutoka jikoni, "Marahaba, mjukuu wangu, umeniletea mafuta?" Siku nyingine mafuta yalikuwepo. Siku nyingi hayakuwepo. Vipuri ndiyo usiseme. Gasketi ulikata kwenye boksi la sabuni, kifuniko cha tangi ulichonga kwa gunzi, na bado likavuka Ruvuvu kwenye pantoni, likapanda mpaka Rulenge limebeba wagonjwa.

Magari mapya ya wakubwa yakipita hapa, vijana wanakimbia kuyatazama. Wewe huinui hata kichwa. Nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Mama, yale yamefunikwa kila mahali, huoni kitu. Hili likiumwa linaniambia panapouma. Na kila aliyelishika kabla yangu ameacha alama." Ukanionyesha pedali ya klachi, imelika upande mmoja. Ukasema padri alikuwa na mguu mzito. Sasa nimeitazama tena. Imelika pande zote mbili. Upande wa pili ni wewe.

Na walivyokutukana! Kwenye mkutano wa kijiji wakasema mtu mmoja na gari lake ni kupe. Mimi wakaniita Mama Kupe. Wiki hiyo hiyo wakaja na amri tuhame, tushuke wote tukae kando ya barabara kwenye kijiji cha ujamaa, na nani aliyewabebea mabati na mawe ya kusagia na wagonjwa wao? Kupe. Mwenyekiti mwenyewe alipanda mbele, na mbuzi wake miguuni. Tangu hapo ndipo wakaanza kuniita Mama Landrova, na mimi nikaitika kwa sauti kubwa kuliko walivyoita.

Sasa nisikilize, hapa ndipo palipo na jambo.

Ramadhani aliniahidi kunipeleka kwenye mawe yako. Kwa gari hili hili. Alisema, "Mama, mafuta yakipatikana tu, nakuja, tunaondoka." Nikawa naliwasha kila Jumapili baada ya misa, kidogo tu, lisisahau. Nimefua blanketi la safari. Nimechagua mbegu za maua. Mafuta hayajapatikana. Ya kusagia unga, kijiji kinagawiwa wilayani. Ya kwenda makaburini, nani akugawie?

Na mashine ya kusaga ya kijiji imekufa. Injini imepasuka, nyingine hakuna, wamezunguka mpaka Biharamulo. Fundi akasema injini ya Landrova ya marehemu inaweza kuzungusha lile jiwe bila shida. Mwenyekiti akaja na wajumbe wake. Nikawafukuza. Niliwaambia gari la kupe liacheni kupe alirithi. Gervasi alitaka nikubali, lipate kuondoka kwenye boma. Naye nikamfukuza.

Aliyenishinda ni Mama Anastazia, jirani yangu wa hapo mbele. Alilala na mimi msiba wote, sakafuni, mgongo wake ule mbovu. Hakuniomba kitu. Nilimkuta tu uani kwake amepiga magoti anasaga muhogo kwenye jiwe, anasimama anashika kiuno, anapiga magoti tena. Wajukuu wameketi ukutani wanamsubiri. Nikamwambia, "Mama Anastazia, pumzika." Akasema, "Nikipumzika wewe ndiye utawalisha?" Kwa utani. Wala hakulitazama gari. Heri angelitazama, ningekasirika.

Nilirudi nikakaa humu. Nikajiuliza, wewe uliyekataa kulilazimisha gari lenye kiu, ungeweza kumpita yule mama? Nikakukasirikia. Kwa nini nilikulea hivyo.

Nimewaambia waje. Kesho asubuhi wataing'oa. Bodi itabaki hapa uani juu ya mawe. Hiyo nimekataa kuitoa, na Gervasi atazoea. Kila siku nitapita mashineni, wakiichemsha injini nitawatukana, unanijua.

Lakini kwa gari hili sitakuja tena. Hilo nimelisema kwa mdomo wangu mwenyewe, na mbegu nimezirudisha kwenye kibuyu.

Nitakuja, baba. Sijui kwa gari la nani, wala lini. Nitapanda hata juu ya magunia. Ramadhani amenieleza njia yote, mji kwa mji mpaka darajani, nami naikariri ninapopalilia. Usiwasikilize watakaokuambia mama yako amezeeka. Nitafika na jembe langu na hizo mbegu.

Pumzika sasa, mwana wanje, mwanangu. Mungu akulaze pazuri, na wale mliolala nao hapo darajani, ambao mama zao hawajui walipo.

Naishia hapa kwa sababu jua linashuka na nina kitambaa na ndoo ya maji hapa mlangoni. Nataka kuliosha lote, boneti, taa, hata chini ya madigadi, kabla mafundi hawajaligusa. Wasije wakadhani walilikuta halina mwenyewe.

Mama yako,
Veridiana