Nilivyomjibu Bwana Miti

Lushoto, Jumanne jioni

Ningejibu nini, basi? Bwana Miti, yule Mzungu wa ofisi ya misitu kule Magamba, aliniuliza kama nitafika kazini kila siku saa moja asubuhi. Nikasema, "Mungu akipenda, Bwana."

Akaweka kiko mezani. "Nimekuuliza wewe, sikumuuliza Mungu. Utafika?"

Nikajaribu tena. "Nikiamka salama, Bwana."

Karani wake, Mshambaa mwenzangu, akatazama dari.

Aliyeingia baada yangu nilisoma naye. Nilimsikia mlangoni akisema, "Nitafika bila shaka." Mtu ambaye shuleni hakuwahi kuisikia kengele ya kwanza.

Na kazi hii ya ukarani naitaka. Tangu nimalize shule nalima viazi tu. Mama ananitazama tu, na mimi...

Jioni nilimkuta anamenya viazi, nikamsimulia yote. Nikamwambia Bwana Miti ameahidi kwamba majibu yatatoka Jumatatu.

"Alisema Mungu akipenda?"

"Hakusema, Mama."

Akanisogezea kisu cha pili. "Basi menya, mwanangu. Viazi bado vingi."